Kuhakiki Orodha ya Mtaa, na Habari ya Wilisoni

Sekela alikuja na daftari jipya na kalamu mbili akaniambia, "Bibi, wenzangu ofisini wanataka uandike mlivyokuwa mnahakiki orodha ya wapiga kura. Ukifa hatutajua pa kuanzia." Ndivyo vijana wa siku hizi wanavyozungumza na watu wazima. Sijafa. Nimestaafu tu. Lakini kalamu ni nzuri, na mvua imenizuia kwenda kupalilia, kwa hiyo kaeni chini msome. Habari za mshahara hamtazikuta humu. Ulikuwa mdogo na umeshaliwa.

Mimi ni mtu wa Mbebe, kule milimani Ileje. Nilisoma mpaka darasa la nne. Baba alisema mtoto wa kike akijua kusoma Biblia na kuandika jina lake inatosha, na siku alipoona najua yote mawili akanitoa shule. Nikaolewa huku Tunduma, na watoto walipokua kidogo nikapata kazi ya uhudumu kwenye ofisi ya mtaa. Kufagia, kuchota maji, kuchemsha chai, kupeleka barua. Kazi ya orodha haikuwa yangu. Iliniangukia.

Aliyeniangushia ni Mwalimu Yoramu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila uchaguzi wa mtaa ukifika yeye ndiye anaazimwa kusimamia uandikishaji. Asubuhi ile mwenzake alikuwa amelala na malaria. Mwalimu akasimama mlangoni, akanitazama mimi na ufagio wangu.

"Mama Lusekelo, unajua kusoma?"

"Nasoma polepole, Mwalimu."

"Ndiye ninayemtafuta. Wanaosoma haraka wameshanitia kwenye matatizo ya kutosha."

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikavaa buti, tukatoka.

Kwa wale ambao hawajawahi kuifanya, kazi yenyewe iko hivi. Orodha ya mtaa huanza upya kila uchaguzi. Mtu anakuja kituoni kwa miguu yake, anataja jina, umri na anapoishi, mwandikishaji anaandika. Uandikishaji ukifungwa, orodha inabandikwa ukutani watu waje wajiangalie. Mwenye neno analeta pingamizi: huyu si mkazi, huyu ni mtoto, huyu ameandikwa mara mbili. Hapo sasa sisi tunatoka, nyumba kwa nyumba, tukaone kwa macho. Pakiwa na kosa linasahihishwa kabla muda wa pingamizi haujaisha. Ukiisha, kilichoandikwa kimeandikwa.

Nyumba ya kwanza kabisa nilitaka kuonyesha bidii. Nikainamia karatasi pamoja na Mwalimu. Akaifunika kwa kiganja.

"Mimi ndiye ninayesoma," akasema. "Wewe usiangalie karatasi. Karatasi haitakimbia. Mwangalie mwenye nyumba usoni wakati nasoma majina ya wapangaji wake."

Ndivyo nilivyojifunza. Mwenye nyumba aliyeongeza majina ya wapwa zake wa kijijini, jina la tatu likisomwa anaanza kutazama kuku. Aliye safi anakusahihisha hata kabla hujamaliza: "Siyo Ayubu, ni Ayubu na mke wake, mke wake umemwacha wapi?" Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijaona kifaa kinachoishinda hiyo. Simu zenu nzuri, mnapiga picha orodha mnaituma kwenye wasapu, sawa. Lakini sijawahi kuona simu inayomwona mtu anatazama kuku.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Ubao wa kushikia karatasi, rula, kalamu ya bluu na nyekundu, mfuko wa nailoni wa kufunika orodha mvua ikinyesha. Mwavuli ulikuwa wa orodha, siyo wetu. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa mahindi, mpaka mwaka ule mbuzi wa jirani walipoigundua. Walikula kuanzia herufi K mpaka katikati ya M. Wananchi walikuja juu wakasema wamefutwa kwa sababu za kisiasa. Mwalimu Yoramu akawapeleka wote mpaka zizini akawaonyesha mbuzi mmoja ambaye bado alikuwa na kipande cha karatasi mdomoni. Tangu siku hiyo tukabandika juu zaidi na kwa gundi ya dukani.

Kesi za mpakani ndizo zilizoninyoosha. Hapa kwetu mtu ana shangazi upande wa pili, ana shamba upande huu, na soko lake liko pale pale katikati. Kuna mzee mmoja tulimkuta ameketi uani kwake na mgeni wake wa Nakonde, upande wa Zambia, wanasalimiana kwa Kibemba, muli shani, bwino, kama kawaida. Tukauliza yeye ni wa wapi.

"Mimi nalala Tunduma," akasema, "ila nakula Nakonde."

"Sasa kura utapiga wapi?" Mwalimu akamwuliza.

"Wanapopika vizuri."

Mwalimu hakucheka. Akamwambia, "Mzee, tumbo haliandikishwi. Anayeandikishwa ni mwenye kitanda. Kitanda kiko wapi?" Akatuonyesha kitanda. Kilikuwa Tunduma, na uraia wake haukuwa na shaka, akabaki kwenye orodha.

Nyingine ilikuwa ya mabinti waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa jirani na maegesho ya malori. Mwenye nyumba alikata majina yao yote kwa mdomo: "Hao siyo wakazi, hao ni wapita njia." Nikamwuliza kodi wanamlipa nani. Akasema wanamlipa yeye. Nikamwuliza wapita njia gani wanaolipa kodi ya chumba mwaka wa pili. Akaanza kutazama kuku. Wale mabinti walibaki. Mmoja wao mpaka leo akinikuta sokoni ananibebea kapu, na mimi namwachia, maana mgongo wangu siyo wa zamani.

Mwalimu Yoramu alistaafu, akarudi kwao Isansa, na Mungu alimchukua akiwa kwenye shamba lake la kahawa. Nilikwenda kumzika. Sikulia sana pale, nilikuwa na kazi ya kupika. Lakini nasema hapa ili iandikwe: mtu yule aliniona mhudumu mwenye ufagio akaniamini, akanikabidhi majina ya watu. Kuna waliosoma na wasiosoma wengi ambao hawajawahi kuaminiwa hivyo na yeyote. Namshukuru.

Baada yake nilitembea na wasimamizi wengi. Wengine walikuwa wazuri, wengine walikuwa na viatu visivyofaa kwa matope. Sitawataja. Nakuja kwenye orodha yangu ya mwisho, ambayo ndiyo Sekela anataka niiandike, ingawa anajifanya anataka yote.

Mwaka ule Sekela ndiye alikuwa mwandikishaji. Binti wa hapa hapa mtaani, ametoka kumaliza kidato cha nne, mwandiko mzuri kuliko wangu. Uandikishaji ukaisha, orodha ikabandikwa. Kesho yake asubuhi akaja Mangi. Huyu ni mwenye duka la kona, amehamia kutoka kaskazini, mtu wa haki sana, mpaka chenji ya pipi anakurudishia. Akasimama mbele ya meza ya Mtendaji, uso umemkunjamana.

"Mtendaji, sitaki ugomvi na mtu. Lakini kwenye orodha kuna marehemu. Wilisoni. Mimi nilichanga kwenye msiba wake. Nimekula maharage ya msiba wake! Sasa nimemkuta ukutani anataka kupiga kura."

Mtendaji wetu alikuwa mama mgeni hapa, amehamishiwa kutoka pwani, mpole lakini hapindishi. Akafungua daftari. Kweli, Wilisoni yupo. Akamwuliza Sekela nani alikuja kuandikishwa kwa jina hilo. Sekela akatoa macho.

"Ni Wilisoni mwenyewe, mama. Yule wa karakana ya kuchomelea."

Hapo mimi nikaelewa, nikaweka birika chini.

Nawaeleza na nyinyi, maana kuna wageni kati yenu. Wanamwanga wa huku, mtu mzima mwenye heshima akifa, jina lake haliachwi kaburini. Siku ya kumaliza matanga ukoo unakaa, unachagua kijana mwenye tabia, unampa jina la marehemu na kiti chake. Wenzetu wa Zambia wanaita kupyana. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye huyo. Watoto wa marehemu wanamwita baba, dada za marehemu wanamwita kaka. Jina lake la kuzaliwa linawekwa chini, na ndugu kulitaja tena mbele ya watu ni sawa na kusema kile kiti kiko wazi. Mke harithiwi, kanisa limekataza, na kwa Wilisoni mjane mwenyewe alishatangaza kwamba atakayemsogelea atamwagiwa maji ya moto.

Wilisoni mzee alikufa. Jina akapewa Edisoni, mtoto wa mdogo wake, fundi wa mageti. Mtaa mzima ukamwita Wilisoni. Alipofika kituoni Sekela akamwamkia, "Shikamoo baba Wilisoni," akaandika anachokijua, na kijana hakukataa. Angekataaje? Wajomba walikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Mtendaji alisikiliza yote hayo, akavua miwani.

"Mila naielewa, mama Lusekelo. Lakini karatasi ya pingamizi inasema mtu ametumia jina la marehemu. Hiyo haina mila, hiyo ni polisi. Tukisahihisha jina hapa hapa kabla ya kesho jioni, ni kosa la uandishi. Likipanda juu hivi lilivyo, kijana analala ndani."

"Kusahihisha kunataka nini?"

"Ndugu wa marehemu aseme kwamba Wilisoni amefariki, na aliyeandikwa ni mtu mwingine. Aweke sahihi au dole gumba."

Mangi akashika kichwa. "Mimi sikutaka afungwe! Amenitengenezea geti yule!"

Nikaenda karakana na Sekela. Kijana akainua kile kioo chake cha kukinga macho, akatusikiliza, jasho linamtoka. Nikamwambia aje mwenyewe aseme jina lake la kuzaliwa.

"Mama, siwezi," akasema. "Shangazi Rodha ameshazika kaka yake mara moja. Nikisimama ofisini nikasema mimi siye, nimemfanya azike tena. Nifuteni tu. Nitakosa kura, basi."

"Kura siyo shida yako, mwanangu. Shida yako ni pingu."

Akateremsha kioo, akarudi kuchomelea. Mstari wa chuma ukaenda upande.

Basi ikabaki Shangazi Rodha. Huyu ndiye dada wa Wilisoni aliyezikwa, ndiye aliyesimamia kumpa kijana lile jina. Mume wangu alikuwa wa ukoo wao kwa mbali, kwa hiyo mimi na yeye ni mawifi, na mawifi hatujawahi kuoneana huruma kwa maneno. Tulimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Tulikuwa watatu, mimi, Mtendaji na Sekela.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Makaratasi yakae nje, nyinyi ingieni."

Tukaketi. Mtendaji akaanza kwa adabu. "Bibi, shikamoo. Tumekuja kuuliza habari za marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Marehemu Wilisoni."

"Wilisoni yuko karakana. Ukisikia chuma kinalia chiii, ndiye."

Mtendaji akanitazama. Nikaingia mimi. "Wifi, unajua tunachouliza."

"Najua. Na wewe unajua jibu. Mtu wa Ileje umekula ugali wetu miaka yote hii, bado unauliza maswali ya mgeni wa kwenye basi?"

"Nauliza kwa sababu kesho jioni watamchukua."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Mtendaji akamweleza taratibu, hakumtisha wala hakumdanganya. Kwamba kuna karatasi, karatasi ina muda wake, na muda ukipita haitakuwa tena mikononi mwake. Rodha akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani. Akaokota lingine. Mimi nilikaa kimya. Hilo nalo ni kazi, kukaa kimya. Wengi wenu hamliwezi.

Mwishowe akauliza, bila kuinua kichwa, "Hicho kitabu chenu kinaandika jina au kinaandika mtu?"

Mtendaji alilifikiri kweli lile swali, na mimi nilimheshimu kuanzia hapo.

"Mtu, bibi," akasema. "Jina ni la kumwitia tu."

"Mtu mwenye mwili?"

"Mwenye mwili. Ndiyo maana tunataka aje mwenyewe kwa miguu yake."

"Basi chukueni jembe."

Tulitembea mpaka shamba lao la upande wa Chapwa, Sekela na jembe begani, Mtendaji na viatu vyake vya ofisini mkononi. Kaburi liko mwisho wa shamba, nyasi zimeanza kulivamia. Rodha akachukua jembe, akapalilia pembeni yote kuzunguka, nasi tukaokota nyasi tukazitupa. Alipomaliza akaegemea mpini.

"Mwili aliokaa nao kaka yangu umeishia hapa," akasema. "Niliuosha mimi. Huo hautakuja kwenye foleni yenu. Andikeni. Jina halimo humu, msiandike kwamba limo."

Mtendaji akaandika alivyoambiwa, kisha akamsomea. Rodha akakubali. Ikabaki sehemu ya pili ya karatasi: aliyeandikishwa ni nani. Rodha akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona anajaribu. Mara ya pili vile vile. Yule mwanamke ana ulimi wa kukata kuni, na neno moja, jina la mtoto aliyempokea mwenyewe siku ya kuzaliwa lilikuwa halitoki.

Akanigeukia. "Wifi. Wewe uliolewa tu kwetu. Damu yako ni ya Ileje. Sema wewe."

"Niseme, halafu wewe?"

"Sema. Mimi nina dole."

Nikasema, "Edisoni." Nilisema polepole, kama ninavyosoma. Rodha akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi chini ya jina, akalikandamiza muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Mtendaji hakumharakisha. Tulirudi mjini na matope hadi magotini, karatasi ikafika ofisini kabla ya muda, Mangi akaweka sahihi kwamba hana pingamizi tena, na kosa likaandikwa kosa la uandishi. Hakuna aliyelala ndani. Mangi alipeleka kilo ya sukari kwa Rodha, Rodha akaipokea akamwambia safari ijayo akila maharage ya msiba akae mpaka matanga yaishe ajue mwisho wake.

Mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja, sikumwambia mtu. Siku ya kura, mpiga kura akifika mezani jina lake linasomwa kwa sauti, ili mawakala wa vyama wasikie na wakague kwenye nakala zao. Kwenye orodha sasa imeandikwa Edisoni. Mtaa mzima utakuwa umesimama pale.

Siku ikafika. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango, kazi yangu ilikuwa kuwaelekeza wazee. Kijana akaja na shati la kanisani. Rodha alikuwa nyuma yake hasa, na nyuma ya Rodha nusu ya ukoo. Akafika mezani, na msomaji wa majina siku hiyo alikuwa Sekela. Sekela akaweka rula chini ya mstari, akafungua mdomo asome. Akamwona Rodha.

Akafunga mdomo. Akaigeuza orodha taratibu ikawaelekea mawakala, rula bado iko chini ya mstari, akagonga kwa kidole mara moja. Mawakala wakainama, wakatazama nakala zao, mmoja baada ya mwingine wakatikisa kichwa kukubali. Halafu akaigeuza kwa kijana.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

Akampa karatasi ya kura. Foleni haikusikia jina lolote. Rodha akasogea mezani, akataja lake kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Sekela, hilo sikukufundisha. Mwalimu Yoramu naye hakunifundisha, na kwenye semina zenu halipo. Nilikaa pale kwenye benchi nikamshukuru Mungu kwa kila mlango aliowahi kunigongesha, na kwa mbwa waliotufukuza, na kwa kuniacha nifike siku ya kuona kazi imepata mwenyewe. Halafu nikainuka nikaenda nyuma ya foleni, maana hata mimi nilikuwa sijapiga kura.